Mafunzo ya umahiri kwenye kituo cha zimamoto: namna ya kuyaanzisha ukiwa na gari moja

Daftari la mafunzo la kituo kwa kawaida linajibu swali moja tu: nani alikuwepo. Tarehe, mada, saa mbili, sahihi za waliohudhuria. Lakini kengele ikilia saa nane usiku, mkuu wa zamu ana swali jingine kabisa: kati ya hawa watano ninaotoka nao, nani anaweza kuvuta maji bwawani gizani bila kuelekezwa? Orodha ya mahudhurio haimsaidii.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa kituo, mkufunzi wa zamu, hata msimamizi wa kikosi cha zimamoto cha kiwanda, anayetaka kuacha kuhesabu saa na kuanza kupima uwezo. Nimeuandika nikiwa na Tanzania Bara kichwani, ambako kazi hii iko chini ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, ila wa Zanzibar au Mombasa hatashindwa kuutumia. Umahiri hapa ni ule ule wanaouzungumza VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania: mtu anaijua kazi, anaiweza, na anaifanya mahali pa kazi kwa kiwango kilichoandikwa kabla hajaanza kupimwa.

1. Anza na kitabu cha matukio

Mtaala utakuja baadaye. Chukua kitabu cha matukio cha miezi 12 iliyopita, kaa na wakuu wa zamu, mpange kila tukio kwa aina yake. Kituo cha barabara kuu kitakuta ajali za magari zimejaa kurasa. Cha ziwani kitakuta watu waliozama. Cha mjini kitakuta majiko ya gesi na nyaya za umeme, na kila mahali mtakuta mtu aliyetumbukia kisimani au kwenye shimo la choo.

Halafu ongeza yale ambayo kwenu hayajatokea lakini yakitokea yataua wengi. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na watu kukusanyika kuchota mafuta. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10 walikufa kwenye moto wa bweni. Kama malori ya mafuta yanapita wilayani kwako na shule za bweni zipo, hayo mawili yanaingia kwenye orodha hata kama kitabu chako hakijawahi kuyaandika.

Sasa geuza matukio kuwa kazi. "Nadharia ya maji" ni mada ya darasani. "Kuvuta maji kutoka chanzo cha wazi na kuyafikisha kwenye nozeli" ni kazi, na mtu ama anaiweza ama haiwezi. Kazi 15 hadi 20 zinatosha kituo kizima. Zikifika 60 utapata kabrasha zuri ambalo hakuna atakayelifungua.

Kazi hizo zigawe kwa majukumu. Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 waliacha mfumo wa vyeo kwenye zimamoto yao wakaandika majukumu saba, kuanzia mzimamoto hadi mkuu wa kikosi kizima, kila moja na orodha ya kazi zake. Sisi ni jeshi na vyeo vitabaki, sioni ubaya wake. Ila cheo kinaonyesha nani anatoa amri tu. Kuhusu nani anaweza kushika pampu kinanyamaza. Kwa hiyo kwenye jedwali lako andika dereva, mwendesha pampu, mwingiaji mwenye mtungi wa hewa, kiongozi wa timu, kamanda wa tukio. Mtu mmoja anaweza kubeba matatu kati ya hayo.

2. Andika kiwango ambacho mtu wa zamu nyingine atakisoma akakielewa

Kila kazi ina sehemu tatu: anachofanya mtu, mazingira anayofanyia, na dalili kwamba amekifanya sawasawa. Huu hapa mfano mmoja mzima, kwa sababu ndio unaosumbua vituo vingi.

*Kazi:* kuvuta maji kutoka chanzo cha wazi.

*Mazingira:* gari la kituo, mipira miwili ya kunyonyea, bwawa ambalo maji yake yako mita 3 chini ya pampu, msaidizi mmoja. Mara moja mchana, mara moja usiku.

*Kiwango:* viungio vyote vimekazwa na havivuti hewa. Chujio limezama lote na halijagusa tope. Kamba imefungwa mahali ambapo uzito wa mpira haubebwi na kiungio cha pampu. Pampu inashika maji ndani ya muda wa kituo. Mwendeshaji anapandisha presha polepole, baada ya kusikia "Maji!" kutoka kwa mshika nozeli, na anasoma geji zote mbili bila kukumbushwa.

Huo "muda wa kituo" usiunakili kwenye kitabu cha nchi nyingine chenye magari yasiyofanana na lako. Wapime waendeshaji wako watatu walio bora, chukua wastani, ongeza kidogo. Wakizoea, punguza.

Angalia pia sehemu ya mazingira inavyobeba elimu ndani yake. Pampu yenyewe haivuti chochote. Inatoa hewa kwenye mpira, na hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande. Pwani, kikomo cha kinadharia cha kupandisha maji ni mita 10.3, na kwa vitendo gari lenye pampu nzima halipandishi zaidi ya mita 7 hivi. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na kikomo kile cha kinadharia kinashuka hadi kama mita 8. Askari aliyehamishwa kutoka Tanga anaweza kuhangaika na pampu isiyoshika maji, akailaumu gari, kumbe ni kimo tu. Swali hilo liwekwe kwenye tathmini ya mdomo, mkoa wowote ule.

Kwa nini nakaa sana kwenye pampu? Kwa sababu ya lile lalamiko la kila siku, "faya wamekuja bila maji." Piga hesabu mbele ya zamu yako. Tangi la lita 4,000, nozeli moja ikitoa lita 450 kwa dakika: hazifiki dakika 9. Nozeli mbili: dakika nne na nusu. Gari lilikuja na maji. Yaliisha mwananchi akiwa bado anatafuta simu yake apige picha. Umahiri wa mwendesha pampu unaanza pale anaposhuka na kuulizia chanzo cha pili cha maji wakati tangi bado limejaa, iwe haidranti (bomba la maji ya zimamoto mtaani), kisima cha hoteli, bwawa la kuogelea au gari la maji la mtu binafsi. Liandike hilo kama sehemu ya kiwango: "ndani ya dakika mbili za kufika amemtaarifu kamanda chanzo kinachofuata ni kipi." Na kwa kuwa haidranti nyingi mitaani zimefukiwa au hazitoi maji, kuzikagua na kuzichora kwenye ramani ya kituo ni kazi ya kupimwa kama nyingine.

3. Pima kabla hujafundisha

Kosa la kawaida ni kumrudisha kila mtu darasani kwenye somo la kwanza. Sajini mwenye miaka 15 kazini akifundishwa kufunga kamba anayoifunga amefumba macho, atakuja kwa sababu ya amri tu. VETA wana utaratibu wa kumtathmini fundi aliyejifunzia gereji na kumpa cheti bila kumsomesha upya. Fanya hivyo hivyo: anayeweza aonyeshe, aandikwe, aendelee na lingine.

Hapa pana ugumu wa kijeshi ambao miongozo ya nje haiusemi. Mpimaji mzuri wa mitungi ya hewa anaweza kuwa koplo, na anayepimwa akawa mkubwa wake. Dawa ni mbili. Kwanza, mkuu wa kituo apimwe wa kwanza, hadharani. Pili, mpimaji atoke zamu nyingine na aongee kama mdogo anavyoongea na mkubwa wake. Inaweza kwenda hivi:

"Afande, naomba unionyeshe unavyoikagua seti kabla ya kuingia. Mimi nitaandika tu."

"Koplo, leo ndiyo unanifundisha mimi?"

"Hapana, afande. Jana mkuu wa kituo kapimwa na zamu B. Leo imefika kwetu."

Sajini anafungua valvu, anasoma geji ya presha, bar 280. Anavaa barakoa, anakaza mikanda kuanzia chini, anavaa helmeti, yuko tayari. Ameruka kitu kimoja: hakufunga valvu akavuta pumzi kuona kama barakoa inanata usoni, wala hakusubiri presha ishuke asikie filimbi ya tahadhari. Koplo haandiki "alifanya vizuri kwa ujumla." Anaandika: "Hakupima mnato wa barakoa. Hakujaribu filimbi." Kesho yake Sajini anarudia, dakika tatu, limekwisha. Na ndevu za wiki mbili zinaondoka bila mtu kugombana na mtu, kwa sababu barakoa yenyewe imekataa kunata.

4. Fundisha kwa vipande, kisha ongeza usumbufu

Utaratibu wa kufundisha kazi za mikono unajulikana: eleza kwa nini, onyesha kwa kasi ya kawaida, onyesha tena polepole, mwache afanye akisema anachofanya, mwache afanye kimya. Sitarefusha hapo. Kinachosahaulika ni hatua ya mwisho, usumbufu: giza, kelele ya injini, glovu, jasho, umati wa watu unaopiga kelele "huko ndani kuna mtoto!" Waombe askari wasio na zamu wawe umati huo. Wataifanya kazi hiyo kwa furaha kuliko unavyodhani.

Chukua mtungi wa hewa. Darasani kila mtu anaijua hesabu: mtungi wa lita 6 uliojazwa bar 300 una lita 1,800. Ukiacha bar 50 za akiba, sawa na lita 300, zinabaki 1,500. Kwa makadirio ya lita 50 kwa dakika, mtu ana dakika 30 za kuingia, kufanya kazi na kutoka. Sasa mtoe nje. Mvishe seti kamili, avute mpira uliojaa maji, apande ngazi, aburute gunia la mchanga la kilo 50, dakika 10 bila kupumzika. Soma geji. Kama imetoka 300 ikafika 190, ametumia bar 110, yaani lita 660, lita 66 kwa dakika. Huyu dakika zake siyo 30, hazifiki 23. Andika namba yake kwenye kadi yake, na anayeshika ubao wa kuingia, ule unaoonyesha nani yumo ndani na hewa yake, aitumie namba hiyo badala ya ile ya kitabuni. Rudia zoezi baada ya miezi mitatu. Kijana aliyetoka chuo cha zimamoto cha Chogo akiwa mwepesi anaweza kukuta amepanda hadi 75 kwa chipsi za jioni.

Kwenye moto wa kweli wa mazoezi kuna mambo yasiyo na mjadala. Usiwashe kwa petroli wala matairi. Kuni kavu na majani makavu vinatosha. Mpira wa pili uwe na maji tayari, ikiwezekana kutoka chanzo kingine. Ateuliwe mtu mmoja wa usalama asiye na kazi nyingine, mwenye mamlaka ya kusimamisha zoezi hata kama mkuu wa kituo yumo ndani. Na usimlaze binadamu kama majeruhi ndani ya nyumba utakayoiwasha. Lairdsville, jimbo la New York, Septemba 2001, kijana mgeni kwenye kikosi aliwekwa hivyo, moto ukawazidi, akafa, na afisa aliyesimamia akatiwa hatiani mahakamani. Ovaroli kuukuu iliyojazwa mchanga itafanya kazi hiyo.

Mafuta ya gari yakikosekana, usifute mafunzo. Ngazi inasimamishwa bila injini: kwa kila mita 4 za urefu, mguu ukae mita 1 kutoka ukutani. Kufufua mapigo ya moyo kunahitaji sakafu na kitu cha kukandamiza: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Gari lililosimama uwanjani linatosha kwa kufunga mipira ya kunyonyea mara ishirini.

5. Tathmini: kaa kimya, andika ulichokiona

Majibu yawe mawili tu, "mahiri" au "bado." Alama za asilimia ziache shuleni. Mtu aliyevaa barakoa kwa asilimia 70 amevuta moshi.

Wakati mtu anapimwa, mpimaji hasemi, hakunji uso, hatoi dokezo. Anasimamisha zoezi kwa jambo moja, hatari. Maswali yanakuja mwishoni, na yawe ya "ingekuwaje kama": ingekuwaje kama geji ya kunyonyea ingepanda ghafla? Kama upepo ungegeuka? Hapo ndipo unamtofautisha aliyekariri na aliyeelewa.

Mara moja haitoshi. Kwa kazi za kufa na kupona nataka ushahidi mara mbili, siku tofauti, mazingira tofauti, na bora mmoja utoke kwenye tukio la kweli. Matukio ni hazina ambayo wengi wanaitupa. Mkirudi kituoni, kabla watu hawajasambaa, mkuu wa zamu akae nao dakika 15, aulize nani alifanya nini, na kilichoonekana kiandikwe siku ile ile: "Tarehe fulani, moto wa duka, alivuta maji kwenye kisima cha msikiti, pampu ilishika mara ya kwanza, alisimamia nozeli mbili dakika 40. Shahidi: kiongozi wa timu." Mistari hiyo mitatu inazidi cheti cha semina ya siku mbili, na ni ya mtu huyo mwenyewe, haikunakiliwa.

Awepo pia mhakiki, afisa kutoka kituo jirani au mkoani, anayepita mara chache kwa mwaka, anachukua majina mawili bila kutoa taarifa na kuwaambia waonyeshe walichoandikiwa. Bila yeye, urafiki wa zamu utawafanya wote mahiri ndani ya mwezi mmoja.

6. Jedwali ukutani

Karatasi kubwa. Majina upande wa kushoto, kazi juu, na kwenye kila kisanduku tarehe ya mwisho mtu alipoonyesha. Tarehe, maana alama ya vema haiambii kitu. Ujuzi unachuja: kufufua moyo hupungua ndani ya miezi michache mtu asipoufanyia mazoezi, na pampu hali kadhalika kwa anayekaa ofisini. Mimi ningeweka pampu na mtungi wa hewa kila miezi mitatu, kamba, ngazi na huduma ya kwanza kila miezi sita, povu na lori la mafuta mara moja kwa mwaka kwa zoezi kubwa. Kisanduku kilichopitwa na muda kipakwe nyekundu, na kazi hiyo asipangiwe mtu huyo hadi aonyeshe tena.

Mkuu wa zamu apange watu wake kwa kulitazama jedwali hilo. Akikuta zamu C ina waendesha pampu wanne na zamu A ina mmoja ambaye yuko likizo, amepata sababu ya kuhamisha mtu leo, kabla ya usiku wa kuaibika.

7. Usiwasahau wanaoamuru

Wakubwa ndio wanaokwepa kupimwa, na ndio ambao kosa lao linagharimu wengi. Huhitaji vifaa. Chora barabara kwenye mchanga nyuma ya kituo, weka tofali liwe lori la mafuta, mawe yawe nyumba, fimbo ionyeshe upepo. Mpe afisa redio na umwambie: limepinduka, linavuja, watu 50 wana madumu. Sekunde 60, amri zako tatu za kwanza ni zipi?

Anayeanza na "toeni mpira" bado. Kwanza watu waondolewe na barabara ifungwe, magari yake yasimame upande upepo unakotoka, bodaboda na sigara zizimwe. Baada ya hapo muulize povu. Ana lita 200 za dawa ya povu ya asilimia 3, yaani sehemu 3 za dawa kwa 97 za maji: zinatengeneza karibu lita 6,670 za mchanganyiko, na kwa lita 450 kwa dakika ni kama dakika 15. Je, anaanza kulimwaga sasa, au anangoja maji ya kutosha yafike ili asikatize katikati? Afisa aliyewahi kulifikiri hilo kwenye mchanga hatalifikiria kwa mara ya kwanza barabarani.

Kwenye zoezi kama hilo waalike polisi, watu wa hospitali ya wilaya, viongozi wa mtaa. Kwa vituo vya ziwani na baharini, waalike wavuvi. Ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 walikufa, na kati ya waliofika mapema kusaidia walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, baadaye aliingizwa kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kituo kinachowajua wavuvi wake kwa majina, na kimewahi kufunga nao kamba na kukandamiza kifua cha gunia pamoja, kina mitumbwi ambayo haimo kwenye bajeti.

8. Anayeshindwa, na anayehama

Atakayebaki "bado" mara tatu kwenye kazi moja apewe mtu wa kumshika mkono na mwezi mzima. Ikishindikana, aondolewe kwenye jukumu hilo, abaki kwenye mengine anayoyaweza, na amweleze mkuu wa kituo kama kuna jambo la afya: macho, mgongo, hofu ya mahali finyu. Wengi huficha kwa kuogopa kazi. Mwambie mapema kwamba kusema hakumpunguzii mshahara, na hakikisha ni kweli kabla hujamwambia.

Uhamisho ukija, kadi iende na mwenyewe, nakala ibaki. Kituo kinachompokea kiziheshimu tarehe zake kwa kamba, ngazi na huduma ya kwanza, lakini pampu kimpime upya wiki ya kwanza, kwa sababu gari ni jingine, valvu zimekaa pengine, na bwawa lao lina kina chake.